Dunia yenye uvungu: Dhana ya karne tatu na namna ilivyofungamanishwa na visahani vya angani

Mwezi Juni mwaka 1970, jarida moja dogo la Marekani lililojishughulisha na habari za visahani vya angani lilichapisha picha iliyowashtua wasomaji wake. Ilikuwa picha ya setilaiti ya hali ya hewa, ESSA-7, ya tarehe 23 Novemba 1968. Ndani yake dunia ilionekana kutoka juu ya Ncha ya Kaskazini, mawingu yakiizunguka kama povu, na katikati kabisa palikuwa na duara kubwa jeusi lenye kingo zilizonyooka vizuri. Mhariri wa jarida hilo, Raymond Palmer, aliwauliza wasomaji: kama hili si shimo, ni nini?

Picha ilikuwa ya kweli. Haikughushiwa wala kuchorwa. Hata hivyo, zaidi ya nusu karne baadaye, picha hiyohiyo ingali inasambazwa katika simu za mkononi, mara nyingi bila tarehe wala maelezo, kama ushahidi kwamba dunia ina uvungu ndani, kwamba uvungu huo una wakazi, na kwamba vyombo visivyotambulika vinavyodaiwa kuonekana angani havitoki katika sayari za mbali, bali chini ya miguu yetu.

Ili kuelewa picha hiyo ilivyogeuka kuwa "ushahidi", hapana budi kurudi nyuma, kwani dhana ya dunia yenye uvungu haikuanzia kwa wapenda vioja. Ilianzia katika chuo cha wanasayansi.

Dira zilizowasumbua mabaharia

Mwaka 1692, mwanafalaki Mwingereza Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia maarufu inaitwa kwa jina lake, aliwasilisha hoja mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London. Tatizo alilokuwa akilitafutia jawabu lilikuwa la vitendo kabisa: sindano ya dira haielekei kaskazini halisi, na tofauti hiyo hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa baharia aliye katikati ya bahari, kosa la nyuzi chache lingeweza kumpeleka mwambani.

Halley alipendekeza kwamba dunia si gimba moja, bali ni ganda la nje lenye unene wa takriban kilomita 800, ambalo ndani yake mna maganda mengine mawili na kiini, kila kimoja kikijizungusha kwa mwendo wake. Kwa kuwa kila ganda lingekuwa na usumaku wake, kupishana kwao kungeeleza kwa nini dira hubadilika. Alitegemea pia hesabu ya Isaac Newton, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1687 alikuwa amekadiria kwamba mada ya mwezi ni nzito zaidi ya mada ya dunia. Kama dunia ni nyepesi kiasi hicho, alisababu Halley, basi sehemu yake kubwa lazima iwe tupu. Hesabu ya Newton juu ya mwezi ilikuwa na kosa, lakini Halley hakuwa na njia ya kulijua.

Alikwenda mbali zaidi na kusema kwamba huenda maganda ya ndani yana mwanga na yanaweza kubeba uhai. Hakuiacha dhana hiyo hadi uzeeni. Katika picha iliyochorwa mwaka 1736, akiwa na umri wa karibu miaka 80, ameshika karatasi yenye mchoro wa maganda yake.

Haifai kumcheka. Wanasayansi wa leo wanakubali kwamba mabadiliko ya dira hutokana na kitu kinachotembea kivyake katika kina cha dunia. Kitu hicho si ganda linaloelea katika uwazi, bali ni chuma kilichoyeyuka. Halley aliuliza swali sahihi na akapata nusu ya jibu.

Kapteni aliyetaka watu mia moja

Kilichofuata kilikuwa cha namna nyingine. Tarehe 10 Aprili 1818, huko St. Louis, afisa mstaafu wa jeshi la Marekani, John Cleves Symmes, alituma waraka kwa vyuo, serikali na watu mashuhuri wa Marekani na Ulaya. Alitangaza kwamba dunia ina uvungu, inakalika ndani, na ina matundu makubwa kwenye ncha zake mbili. Aliomba watu mia moja mashujaa waondoke naye kutoka Siberia wakitumia kulungu wa barafuni na magari ya kuteleza. Katika waraka huo aliambatisha cheti cha kuthibitisha kwamba akili zake ni timamu, jambo linaloonyesha kwamba alijua fika watu wangemfikiriaje.

Symmes alizunguka akihutubia, na maombi ya kugharimia msafara wake yalifika hadi bunge la Marekani mwaka 1822 na 1823, ambako hayakupata kibali. Alifariki mwaka 1829. Lakini mfuasi wake mmoja, Jeremiah Reynolds, aliendelea kuwashawishi wanasiasa, akiacha pole pole habari za matundu na kusisitiza faida za uvumbuzi wa bahari za kusini. Juhudi hizo zilichangia kuzaliwa kwa msafara rasmi wa serikali ya Marekani wa mwaka 1838 hadi 1842, uliopima sehemu ndefu ya pwani ya Antaktika. Hivyo ndoto isiyo na msingi ilisaidia kupeleka merikebu za kweli mahali pa kweli.

Baada ya hapo dhana ilihamia katika riwaya. Mfaransa Jules Verne aliitumia mwaka 1864, na Mwingereza Edward Bulwer-Lytton mwaka 1871 alibuni jamii ya watu wenye nguvu za ajabu waishio chini ya ardhi. Wapo wasomaji walioamini kwamba riwaya hiyo ya pili ilificha ukweli, na kosa hilo lilizaa mengine mengi. Mwaka 1913 Mmarekani Marshall Gardner alichapisha kitabu kilichodai kwamba ndani ya dunia mna jua dogo. Alipata hata hataza ya serikali kwa ajili ya tufe lake la maonyesho, ingawa hataza hulinda ubunifu wa kifaa, haithibitishi kwamba dunia iko hivyo.

Sauti katika kiwanda cha magari

Uhusiano na vitu vya angani una baba anayejulikana, naye ni yule yule Raymond Palmer wa picha ya setilaiti.

Katika miaka ya 1940 Palmer alikuwa mhariri wa Amazing Stories, jarida la hadithi za kubuni za kisayansi. Alipokea barua na andiko kutoka kwa mchomeleaji vyuma wa Pennsylvania aliyeitwa Richard Shaver. Shaver alieleza kwamba alipokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha magari huko Detroit, mashine yake ya kuchomelea ilianza kumletea mawazo ya wafanyakazi wenzake, kisha sauti za viumbe katili waishio mapangoni, ambao kwa mashine za kale huwarushia wanadamu miale ya mateso na kuwasababishia ajali, maradhi na wazimu.

Palmer aliandika upya andiko hilo, akaliongeza urefu takriban mara tatu, na kulichapisha Machi 1945 akidokeza kwamba si hadithi bali kumbukumbu za kweli. Barua zilimiminika. Baadhi ya waandishi wake walisema nao wanasikia sauti hizo hizo, na kwamba hatimaye wamempata mtu anayewaelewa.

Hapa ndipo panapostahili kutuliwa. Shaver alikuwa amelazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili katika miaka ya 1930. Palmer mwenyewe miaka mingi baadaye alikiri kwamba miaka minane ambayo Shaver alidai kuishi mapangoni aliitumia katika taasisi ya namna hiyo. Hadithi za dunia ya chini katika umbo lake la kisasa, zenye viumbe wabaya wanaowaingilia watu mawazo, zilitokana kwa kiasi kikubwa na mateso ya mtu mgonjwa, yaliyohaririwa na kuuzwa kwa wagonjwa wengine pamoja na wadadisi.

Kisha ikafika tarehe 24 Juni 1947. Rubani Kenneth Arnold, akiruka karibu na Mlima Rainier katika jimbo la Washington na kuisaka ndege ya kijeshi iliyopotea, alisema ameona vitu tisa ving'aavyo vikipita kwa kasi kuliko ndege yoyote ya wakati huo. Aliwaambia wanahabari kwamba vilitembea kama kisahani kinaporushwa kikaruka-ruka juu ya maji. Alikuwa akieleza mwendo, lakini magazeti yaliligeuza neno hilo kuwa umbo, na katika siku chache Marekani nzima ikawa inaona "visahani".

Palmer aliliona tukio hilo kama uthibitisho wa yale aliyokuwa akiyachapisha. Mwaka 1948 alishiriki kuanzisha jarida jipya, Fate, ambalo toleo lake la kwanza lilibeba simulizi ya Arnold. Na Desemba 1959, katika jarida lake la Flying Saucers, alitoa rasmi hoja iliyounganisha mambo yote mawili: visahani hutoka ndani ya dunia, kupitia matundu ya kwenye ncha. Hoja hiyo ilikuwa na mvuto wake. Iliondoa ugumu wa kueleza viumbe hao wanavukaje umbali usiopimika kati ya nyota. Jirani wa chini ni rahisi kumdhania kuliko mgeni wa mbali.

Rubani aliyekuwa upande wa pili wa dunia

Shahidi mkuu aliyetajwa na Palmer ni Richard Byrd, amiri wa jeshi la majini la Marekani. Kwa mujibu wa dai hilo, lililochukuliwa kutoka katika kitabu cha F. Amadeo Giannini cha mwaka huo huo wa 1959, Byrd aliruka Februari 1947 kupita Ncha ya Kaskazini na kuingia katika nchi yenye misitu na maziwa isiyo na barafu. Baadaye likazuka na linaloitwa shajara lake la siri, ambamo anasindikizwa na visahani hadi katika mji wa ndani.

Kumbukumbu za serikali na za magazeti ya wakati huo zinaonyesha Byrd alikuwa wapi Februari 1947: Antaktika, upande wa pili kabisa wa dunia. Alikuwa akiongoza operesheni kubwa ya jeshi la majini iliyoitwa Highjump, yenye watu wapatao 4,700 na meli 13, iliyokusudiwa kuwazoesha askari baridi ya ncha na kupiga picha za pwani kutoka angani. Mwezi huo aliruka juu ya Ncha ya Kusini, ambayo alikwisha kuiruka mara ya kwanza Novemba 1929, na akarudi. Kuhusu kaskazini, safari inayojulikana ni ya tarehe 9 Mei 1926, na hiyo wanahistoria hubishana kama kweli aliifikia ncha yenyewe. Kichekesho ni kwamba mtu ambaye wengine wanatilia shaka kama alifika nchani, wengine wanasema alifika na kupitiliza.

Byrd alifariki Machi 1957, kabla ya dai hilo kuchapishwa, kwa hiyo hakupata nafasi ya kulijibu. Askari watatu wa operesheni yake waliofariki ndege yao ilipoanguka tarehe 30 Desemba 1946 nao wamegeuzwa, katika masimulizi ya siku hizi, kuwa wahanga wa vita dhidi ya visahani.

Mwaka 1964 Mmarekani Walter Siegmeister, aliyeandika kwa jina la Raymond Bernard na kuishi Brazil akitafuta mahandaki ya kuingilia dunia ya ndani, alikusanya madai haya yote katika kitabu kimoja. Wengi wanaoyarudia leo wanarudia kitabu hicho, wajue wasijue.

Mlango uliopitiwa na itikadi nyingine

Kuna tawi moja la masimulizi haya ambalo si burudani hata kidogo. Ujerumani ya Kinazi ilipeleka kweli msafara Antaktika. Meli Schwabenland iliondoka Hamburg Desemba 1938, ndege zake zikapiga picha eneo kubwa katika wiki chache za mwanzo wa 1939, na meli ikarudi nyumbani. Shabaha kuu ilikuwa uwindaji wa nyangumi, uliokuwa chanzo cha mafuta. Hakuna kambi iliyojengwa. Mwaka 1945, baada ya vita kwisha Ulaya, nyambizi mbili za Kijerumani zilijisalimisha Argentina, moja Julai na nyingine Agosti. Kutokana na mambo hayo mawili ilisukwa hadithi kwamba viongozi wa Kinazi walitorokea chini ya barafu, au ndani ya dunia, na kwamba visahani ni silaha zao.

Mmoja wa waliozieneza hadithi hizo katika miaka ya 1970 alikuwa Ernst Zündel, Mjerumani aliyeishi Toronto, Canada. Alitangaza hata safari ya ndege ya kulipia kwenda kutafuta lango la kusini. Zündel huyo huyo alichapisha maandishi ya kukana mauaji ya halaiki ya Wayahudi, na mwaka 2007 mahakama ya Mannheim nchini Ujerumani ilimhukumu kifungo cha miaka mitano kwa kosa hilo. Msomaji aliyevutwa na visahani alijikuta katika orodha ya wateja wa mtu aliyekuwa na bidhaa nyingine ya kuuza. Utafiti wa Colin Summerhayes na Peter Beeching, uliochapishwa mwaka 2007 katika jarida la masuala ya ncha za dunia, ulipitia madai ya kambi hiyo moja baada ya jingine na haukupata chochote cha kuyaunga mkono.

Dunia hupimwaje bila kuingia ndani?

Swali la haki ambalo watetezi wa uvungu huuliza ni hili: hakuna aliyewahi kufika huko chini, sasa wanasayansi wanajuaje? Ni kweli kwamba shimo refu kuliko yote kwenda chini, lililochimbwa Kola nchini Urusi, lilifikia mita 12,262 mwaka 1989 na kukwama kwa sababu ya joto la takriban nyuzi 180. Kutoka juu hadi kitovu cha dunia ni kilomita 6,371. Kama dunia ni embe, sindano hiyo haijatoboa hata ganda.

Lakini mama anayenunua nazi sokoni haipasui kwanza. Huipima mkononi, huitikisa, huigonga. Dunia nayo imepimwa, na imegongwa.

Kupimwa kulianza zamani. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne aliangalia jinsi mlima Schiehallion wa Scotland unavyouvuta kando uzi wenye timazi. Kutokana na vipimo hivyo Charles Hutton alikokotoa kwamba dunia kwa wastani ni nzito mara nne na nusu kuliko maji ya ujazo sawa. Mwaka 1798 Henry Cavendish, akitumia mipira ya risasi ndani ya chumba kilichofungwa, alipata karibu mara tano na nusu, na vipimo vya leo havijatofautiana naye sana. Mawe ya juu ya ardhi kwa kawaida ni mazito chini ya mara tatu ya maji. Maana yake ni kwamba ndani lazima mwe na kitu kizito zaidi ya mawe. Uvungu ungetoa jibu la kinyume. Symmes alipotuma waraka wake, Cavendish alikuwa amekwisha kumjibu miaka 20 kabla.

Kugongwa hufanywa na matetemeko. Tetemeko kubwa linapotokea popote, mawimbi yake hupenya dunia nzima na kunaswa na mashine za kupima mitetemeko katika mamia ya vituo, kikiwamo cha Kilima Mbogo nchini Kenya. Wimbi linalopita katikati kabisa hutokea upande wa pili baada ya takriban dakika 20. Kama katikati pangekuwa na uwazi, wimbi hilo lisingefika, maana mtikiso wa mwamba hauvuki utupu namna hiyo. Kuna na aina ya pili ya wimbi, ambayo haipiti katika kimiminika, nayo huishia kwenye kina cha karibu kilomita 2,900. Kwa kusoma mawimbi haya Richard Oldham alitambua kuwapo kwa kiini mwaka 1906, na mwaka 1936 mwanamke wa Denmark, Inge Lehmann, alionyesha kwamba ndani ya kiini hicho mna kiini kingine, ambacho sasa inajulikana ni kigumu. Mawimbi hayo hayo ndiyo yaliyofichua kwamba chini ya Bonde la Ufa mwamba ni wa moto kuliko kawaida hadi kina kirefu.

Lipo na jambo jingine ambalo waandishi wa riwaya hulisahau. Newton alithibitisha kihesabu kwamba mtu aliye ndani ya ganda la mviringo havutwi upande wowote, kwani mivuto ya pande zote hufutana. Wakazi wa dunia ya ndani wasingesimama juu ya ardhi yao. Wangeelea, pamoja na maziwa yao na misitu yao, na kama kungekuwa na jua dogo katikati, mvuto wake ndio ungewachukua.

Duara jeusi lilikuwa nini?

Ncha zenyewe nazo zimetembelewa. Nyambizi Nautilus ya Marekani ilipita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini tarehe 3 Agosti 1958. Agosti 2007 Warusi walishuka hadi sakafu ya bahari mahali hapo hapo, zaidi ya mita 4,000 chini, na kusimika bendera. Kwenye Ncha ya Kusini watu wanaishi mfululizo katika kituo cha utafiti tangu 1956.

Ama ile picha ya ESSA-7, haikupigwa kwa mara moja. Ni vipande vingi vilivyopigwa katika muda wa saa 24, setilaiti ilipokuwa ikizunguka, kisha vikaunganishwa kuwa kimoja. Kamera zake zilihitaji mwanga wa jua. Tarehe 23 Novemba kwenye Ncha ya Kaskazini jua linakuwa limekwisha kutua tangu Septemba, wala halitachomoza hadi Machi. Mahali ambapo hapakuwa na mwanga saa zote hizo, kamera haikuona kitu, na kwa kuwa dunia hujizungusha, giza hilo lilitoka katika umbo la duara. Picha kama hiyo ikipigwa Juni, duara halipo.

Hata hivyo mazungumzo hayajafungwa. Machi 2024 ofisi ya wizara ya ulinzi ya Marekani inayochunguza vitu visivyotambulika ilitoa ripoti iliyosema haikupata ushahidi wowote wa teknolojia isiyo ya wanadamu katika kumbukumbu za serikali tangu 1945. Miezi michache baadaye watafiti watatu, wawili wao wakihusiana na Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha makala ya kitaaluma wakitaka iachwe wazi nafasi kwamba vitu hivyo vinatokana na viumbe waliojificha hapa hapa duniani, pengine chini ya ardhi. Wenyewe waliandika kwamba wanasayansi wengi watalipokea wazo hilo kwa shaka. Vyombo vingi vya habari viliripoti wazo, vichache viliripoti shaka.

Huko Hamilton, Ohio, kaburi la Kapteni Symmes lina nguzo ya mawe iliyojengwa na mwanawe. Juu yake pana tufe la mwamba lililotobolewa kutoka ncha hadi ncha.